Barakoa ya CPAP kwa asiye na meno: mwongozo kamili wa kuifanya ikae bila kuvuja

Watu wenye mapengo au meno ya bandia wanaotumia mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge na pumzi isikatike usingizini, huniletea lalamiko lile lile. Barakoa ilikaa vizuri siku ya kupimwa, lakini usiku inapuliza machoni, mdomo unakauka, na asubuhi pua ina alama nyekundu. Wengi wameshanunua barakoa ya pili na ya tatu. Karibu wote wamekaza mikanda.

Mara nyingi barakoa haina kosa. Ilipimwa kwenye uso mmoja, ikavaliwa kwenye mwingine. Ulipimwa mchana, umeketi, meno ya bandia yakiwa mdomoni. Usiku meno yako kwenye chombo cha maji, umelala chali, taya limelegea na midomo imeingia ndani. Hata mimi, mwenye seti nzima ya juu na mapengo mengi chini, nilihangaika miezi kadhaa kabla ya kuling'amua hilo, maana hakuna aliyewahi kuniambia nivue meno ndipo nipimwe.

Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye kanuni moja: ipime barakoa kwenye uso unaolala nao.

## Vitu vya kuandaa

- Barakoa yako, pamoja na mito ya saizi nyingine kama ilikuja nayo. Ninaposema "mto wa barakoa" nina maana ya ile sehemu laini inayogusa uso.
- Mashine, bomba lake na chemba ya maji.
- Kioo cha mkononi.
- Rula au utepe wa kupimia.
- Meno yako ya bandia na chombo chake chenye maji.
- Sabuni ya maji isiyo na mafuta.
- Kitambaa laini cha pamba.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa kukuangalia ukiwa umelala, kama yupo.
- Saa moja ya utulivu kabla hujachoka. Ukiyafanya haya usiku wa manane ukiwa na hasira, utaishia kukaza mikanda tu.

## Soma hapa kwanza: nani asianze peke yake

Aliyeng'olewa jino karibuni. Mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu. Jino likitoka, wakati mwingine hubaki tundu kati ya mdomo na uwazi huo, na hewa yenye msukumo inaweza kuchelewesha kufunga kwake. Muulize daktari aliyeling'oa lini urudie mashine. Usiache mashine kwa uamuzi wako pia. Wapigie simu wote wawili, daktari wa meno na anayekutibu usingizi.

Mwenye kifaa cha kuendesha moyo, au chuma kilichowekwa kichwani. Barakoa nyingi za sasa hufungwa kwa vibanio vya sumaku. Watengenezaji wake huonya kwamba sumaku hizo zikae angalau sentimita 15 mbali na vifaa vya namna hiyo. Zipo barakoa zisizo na sumaku, omba hizo. Kama meno yako ya bandia yenyewe hushikwa kwa sumaku, liseme hilo pia.

Asiyeweza kuvua barakoa kwa mikono yake, au mwenye kichefuchefu. Barakoa inayofunika mdomo ni hatari kwake, kwa sababu akitapika matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Jambo jingine: presha ya mashine imepangwa na daktari. Usiipunguze ili barakoa iache kuvuja. Utapata ukimya, lakini koo litarudi kujifunga.

## Hatua ya 1: Amua meno yatalala wapi

Watu huiruka hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini Jumatatu barakoa ilikaa na Jumanne ikakataa. Leo wamelala na meno, kesho wameyavua. Hizo ni nyuso mbili tofauti.

Daktari wa meno kwa kawaida atakuambia uyavue usiku, na ana sababu. Fizi na kaakaa zinahitaji saa kadhaa za kupumzika bila kufunikwa. Meno yakikaa humo mchana na usiku, fangasi hustawi chini yake na kaakaa hugeuka jekundu. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa wazee wa miaka 85 na zaidi, uliona kwamba waliolala na meno ya bandia walikuwa na hatari ya nimonia karibu mara mbili ya wale walioyavua.

Upo upande wa pili. Seti nzima hushikilia midomo na mashavu kutokea ndani, na hulizuia taya la chini lisipande mno. Ndiyo maana baadhi ya watu barakoa huwakaa vizuri zaidi wakilala na meno. Kuhusu kukatika pumzi kwenyewe, tafiti zimepingana: kuna waliopata nafuu wakilala na meno, na kuna ambao hali iliwazidi.

Ushauri wangu ni huu.

Yavue kama ni kipande cha jino moja au machache, kama seti inacheza, kama fizi zina vidonda, au kama umewahi kupata fangasi mdomoni. Kwa kipande kidogo hakuna mjadala. Kinaweza kuchomoka usingizini ukakimeza, au kikaingia kwenye njia ya hewa.

Lala nayo pale tu ambapo daktari wako na daktari wa meno wamekubali wote, seti imekaa imara bila gundi, na uko tayari kuyavua saa kadhaa wakati mwingine wa siku ili fizi zipumzike. Hapo uyapige mswaki kabla ya kulala na tena ukiamka. Gundi isiwe dawa ya usiku. Seti inayohitaji gundi ili isianguke ukiwa umelala ni seti ya kurudishwa kwa daktari.

*Umefanikiwa kama* una jibu moja la kila usiku. Kuanzia hapa nitachukulia umeyavua, maana ndivyo wengi wetu tunavyolala. Kama unalala nayo, fanya hatua zote ukiwa nayo mdomoni.

## Hatua ya 2: Pima uso wa usiku

Keti mbele ya kioo. Chukua vipimo vitatu, kila kimoja kuanzia kwenye mwanzi wa pua, pale barakoa inapoanzia, hadi kwenye kibonde kilicho chini ya mdomo wa chini.

1. Meno yakiwa mdomoni, umeyaumanisha.
2. Meno yakiwa nje, midomo imefungwa.
3. Meno yakiwa nje, taya umelilegeza na mdomo uko wazi kidogo kama wa mtu aliyesinzia.

Viandike. Kipimo cha pili kitakuwa kifupi kuliko cha kwanza, kwa sababu hakuna kinachozuia taya la chini lisipande. Kidevu husogea juu na mbele, na uso hujikunja. Cha tatu huwa kirefu tena.

Tofauti ya cha pili na cha tatu ndiyo inayovujisha barakoa za wasio na meno. Ni umbali ambao kidevu chako husafiri usiku kucha, kikipanda na kushuka. Mwenye meno yake ana breki. Taya lake likipanda, meno hukutana na safari inaishia hapo. Wewe huna breki hiyo. Kadiri tofauti ilivyo kubwa, ndivyo barakoa inayokaa juu ya kidevu itakavyokusumbua.

Sasa jiangalie sehemu tatu. Mdomo wa juu: umeingia ndani kiasi gani? Meno ya mbele ndiyo yaliyoushikilia, na barakoa ya pua hutaka kuuegemea. Pembe za mdomo: kuna mikunjo mirefu inayoshuka kuelekea kidevuni? Hiyo ni mifereji ya hewa iliyo tayari. Mashavu: yamebonyea sawasawa pande zote mbili, au upande wenye mapengo mengi umebonyea zaidi?

*Umefanikiwa kama* una namba tatu na unajua upande wako dhaifu.

## Hatua ya 3: Chagua aina inayokwepa tatizo lako

Kwa mwenye meno, kuchagua barakoa ni suala la anachopenda. Kwa asiye na meno ni suala la mahali pa kuegemea. Barakoa inahitaji mfupa nyuma ya ngozi, nawe umepoteza sehemu ya egemeo hilo kuzunguka mdomo. Kwa hiyo tafuta aina inayogusa pale ambapo bado una mfupa.

Vibomba vya puani. Vibomba viwili laini hukaa kwenye mlango wa tundu za pua. Havitegemei sana mdomo wa juu, na havigusi mashavu wala kidevu. Ningekuwa naanza leo, ningeanza na hivi. Vinataka pua iliyo wazi, na vinataka mdomo usiachie hewa. Suala la mdomo liko kwenye hatua ya 7.

Barakoa ya pua. Hufunika pua yote na kuegemea mdomo wa juu. Huwafaa waliobaki na meno ya mbele juu, au wanaolala na seti nzima. Kama meno yako ya mbele yamelegea, mwambie daktari wa meno kabla hujaitumia. Msukumo wa kila usiku kwa miaka unaweza kuyasogeza meno hata yaliyo imara.

Barakoa ya pua na mdomo. Ndiyo wengi hupewa, kwa hoja kwamba wanapumua kwa mdomo. Inafaa pua ikiwa imeziba kabisa. Lakini ndiyo inayoegemea mashavu yaliyobonyea na kidevu kinachosafiri, na tafiti zimeonyesha kwamba mara nyingi huhitaji presha kubwa kuliko ya pua. Kama huwezi kuikwepa, tafuta yenye mto wa sponji laini badala ya silikoni. Sponji huingia kwenye mabonde ya shavu. Ubaya wake ni kwamba haioshwi kwa maji na huchakaa haraka. Tafuta pia ile ambayo sehemu yake ya juu hukaa chini ya pua badala ya kupanda kwenye mwanzi wake. Ni fupi, na haipulizi machoni kirahisi.

Barakoa ya uso mzima. Huanzia kwenye paji la uso na kuzunguka hadi chini. Inatisha kuitazama, lakini ukingo wake huukwepa mdomo kabisa na kuegemea mifupa ambayo haibadiliki meno yakitoka. Kwa mtu asiye na jino hata moja aliyeshindwa na aina nyingine zote, inastahili kujaribiwa kabla hajakata tamaa.

Kuhusu saizi: kwa barakoa inayofunika mdomo, tumia kipimo cha tatu, cha mdomo ulio wazi kidogo. Ukingo wa chini ukae kwenye kibonde kilicho chini ya mdomo wa chini. Ukifika kwenye ncha ya kidevu, barakoa ni kubwa. Ukigusa mdomo wenyewe, ni ndogo. Barakoa kubwa ndilo kosa la kawaida zaidi, kwa sababu ilipimwa kwenye uso wenye meno.

## Hatua ya 4: Andaa ngozi na mdomo

Hii ni fupi. Nawa uso kwa sabuni isiyo na mafuta, ukaushe, usipake kitu. Mafuta ya ngozi hufanya silikoni iteleze, na baada ya muda huiharibu. Vua meno, yapige mswaki, yatie kwenye maji ya kawaida au dawa yake. Maji ya moto huyapinda. Sukutua mdomo uondoe mabaki ya gundi. Safisha pua ikiwa na makamasi.

## Hatua ya 5: Vaa ukiwa umelala, mashine ikiwa kwenye presha kamili

Hapa ndipo kazi ilipo. Usiharakishe.

Lala kitandani mwako, juu ya mto wako, kwa namna unayolala kila siku. Kuvaa umeketi na kurekebisha umeketi hakuna faida, maana nyama za uso hushuka kuelekea masikioni ukilala chali, na mashavu yasiyo na meno nyuma yake hushuka zaidi.

Zima ile hali ya kupandisha presha taratibu, kwa jaribio hili tu. Mashine nyingine zina jaribio la barakoa ambalo hupuliza presha ya kutosha kwa dakika chache. Litumie kama lipo. Barakoa inayokaa kwenye presha ndogo ya kuanzia haijakuthibitishia kitu.

Sasa fuata hivi:

1. Legeza mikanda yote, kuliko unavyodhani inafaa.
2. Legeza taya. Usiumanishe fizi, usikaze midomo. Watu wengi hupimwa wakiwa wamekunja mdomo bila kujua, kisha wakisinzia mdomo unaachia.
3. Shika barakoa kwa kiganja, iweke usoni, washa mashine. Ikae kwa nguvu ya kiganja tu.
4. Ivute mbele kidogo, mto wake ujae hewa, kisha uirudishe polepole. Mto wa silikoni huwa na ngozi nyembamba ya ndani, na hewa ndiyo huisukuma ngozi hiyo ikashikamana na uso.
5. Kaza mikanda ya juu, kulia na kushoto kwa pamoja na kwa kiasi sawa. Kisha ya chini. Kaza kidogo, sikiliza, kaza tena. Uvujaji ukikoma, acha hapo hapo.
6. Pitisha vidole viwili chini ya kila mkanda. Visipopita, umekaza mno.
7. Geukia kulia, kaa dakika mbili. Geukia kushoto. Rudi chali.
8. Achia taya lidondoke wazi, kisha lirudi. Fanya mara tano.

Kwa nini nasisitiza mikanda ilegee? Kwanza, ukikaza unaiponda ile ngozi nyembamba, na hewa hupata mikunjo ya kupitia. Ni kama kifuniko kisicho cha sufuria hiyo: kigandamize utakavyo, mvuke utatoka. Pili, na hili linatuhusu sisi hasa, mdomo usio na meno hausukumani na barakoa. Ukivuta mikanda ya chini, barakoa hulirudisha taya nyuma, ulimi hulifuata, na njia ya hewa uliyotaka kuifungua hupungua.

*Umefanikiwa kama* unasikia mvumo mmoja mwepesi kutoka kwenye matundu ya kutolea pumzi, hakuna upepo machoni, na taya likidondoka barakoa hailii. Mvumo huo ni wa lazima, kwani ndiko hewa uliyokwisha kuipumua hutokea. Usiyazibe matundu hayo kamwe.

## Hatua ya 6: Fuata hewa inakotokea

Lowesha mgongo wa kidole kidogo, uuzungushe pembeni mwa barakoa. Palipo na ubaridi ndipo panapovuja. Kisha rekebisha sehemu hiyo peke yake.

Inapuliza machoni. Kabla ya kukaza juu, angalia chini. Mara nyingi kidevu kimepanda, kikaisukuma barakoa nzima juu hadi ikaachia mwanzi wa pua. Legeza mikanda ya chini kidogo, uivute barakoa chini, ujaribu tena. Isipotulia, ni ndefu mno kwa uso wako usio na meno.

Inavuja kwenye pembe za mdomo. Mifereji ile ya hatua ya 2. Kitambaa cha pamba kilichokatwa kwa umbo la mto wa barakoa, kikiwa na tundu kubwa katikati, huziba mikunjo vizuri kuliko mikanda. Hakikisha hakigusi matundu ya kutolea pumzi wala hakiwezi kuvutwa kuelekea puani. Usijaze pamba ndani ya shavu ili lifure. Unaweza kuimeza ukiwa umelala.

Upande mmoja tu. Ni upande wenye mapengo, au ndio unaolalia. Jaribu kulaza shavu kwenye ukingo wa mto ili barakoa ibaki hewani. Kama mashine yako ina kamba ya kuning'iniza bomba juu ya kichwa, itumie, kwa sababu bomba linalovuta pembeni huivuta barakoa nayo.

Vibomba vya puani vinachomoka. Jaribu saizi kubwa zaidi kabla ya kukaza. Vibomba vidogo huingia ndani ya pua badala ya kuziba mlango wake, navyo huumiza.

## Hatua ya 7: Mdomo ukivujisha hewa

Unavaa barakoa ya pua, kila kitu kimya, kisha unaamka na koo lililokauka. Au unasikia mashavu yanajaa na kupepea kama tanga. Hewa imepita nyuma ya ulimi, imeingia mdomoni, na hakuna ukuta wa meno wa kuisubirisha kabla ya kufika midomoni.

Anza na pua. Anayeshindwa kupumua kwa pua atafungua mdomo, hata umfunge vipi. Ongeza unyevu kwenye mashine, tumia maji yaliyokenekwa (distilled water), na zungumza na daktari kuhusu pua iliyoziba.

Kisha zoeza ulimi. Ukiwa macho na mashine ikiwa imewashwa, ulaze wote juu, ushikamane na kaakaa kama unataka kutamka "n" bila kuimaliza. Utasikia mlango wa mdomo umejifunga nyuma. Bila seti ya juu, kaakaa iko wazi na ulimi huishika kirahisi. Dakika kumi kila jioni zilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Mkanda wa kidevu uje baada ya hapo, na kwa tahadhari. Kwa asiye na meno mkanda huo hauna pa kuishia: ukiukaza, taya hupanda mpaka fizi zinagusana, ulimi unakosa nafasi. Chagua unaonyanyua kwenda juu, si unaovuta kwenda nyuma, na uufunge kwa kiasi cha kukumbusha tu. Siwashauri watu wafunge mdomo kwa plasta. Pua ikiziba usiku, hiyo ndiyo njia yako ya pili ya hewa.

Vyote vikishindikana, rudi hatua ya 3, kwenye barakoa fupi ya pua na mdomo au ya uso mzima.

## Hatua ya 8: Ijaribu kwa usiku tatu, badilisha kitu kimoja

Usiku mmoja haukuambii chochote. Weka mpangilio mmoja kwa usiku tatu, na kila asubuhi andika: uliamka mara ngapi kwa ajili ya barakoa, mdomo ulikauka au la, palipouma, na namba ya uvujaji kwenye mashine. Ukibadilisha mto, saizi na mikanda usiku mmoja, ukapata nafuu, hutajua cha kushukuru.

Namba za uvujaji hazilingani kati ya mashine na mashine. Mashine za ResMed huonyesha uvujaji usiotakiwa, na mpaka wake ni lita 24 kwa dakika. Nyingine hujumlisha na hewa ya matundu, hivyo namba yake huwa kubwa hata mambo yakiwa sawa. Linganisha mashine yako na yenyewe, usiku huu na uliopita. Angalia pia idadi ya kukatika pumzi kwa saa. Chini ya 5 ndiko kunakolengwa kwa kawaida.

Uvujaji ukianza alfajiri tu, ilhali mwanzo wa usiku ulikuwa kimya, huenda mashine inayojipandishia presha imefika juu kuliko ulivyojaribu. Rudia hatua ya 5 kwenye presha hiyo.

*Umefanikiwa kama* umelala usiku tatu mfululizo bila kuvua barakoa kabla ya alfajiri.

## Hatua ya 9: Kagua asubuhi

Angalia ngozi ya pua na mashavu. Wekundu unaopotea ndani ya nusu saa si kitu. Usiopotea ni onyo, na ngozi iliyochubuka ni amri ya kubadilisha barakoa.

Kisha fungua mdomo mbele ya kioo, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Nyanyua mdomo wa juu utazame ufizi wa mbele. Barakoa inayoegemea hapo huubana mdomo kati yake na mfupa, na kidonda huanzia ndani ambako hukioni. Kama ulilala na seti, itazame pia. Barakoa inayosukuma meno ya mbele huinyanyua seti kwa nyuma, kisha seti husugua kaakaa usiku kucha.

Osha mto wa silikoni kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukishakuwa mgumu au wa njano, hautaziba tena, na kukaza mikanda hakutaufufua.

## Uso ukibadilika tena

Mfupa wa taya huendelea kupungua baada ya meno kutoka, na hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza. Barakoa iliyokukaa mwezi wa pili inaweza isikukae mwezi wa tisa, bila wewe kukosea kitu. Pima upya ukipata seti mpya, seti ikiwekewa bitana mpya, uking'olewa jino jingine, au ukinenepa au kukonda sana.

Usikubali kuambiwa kirahisi kwamba utumie kifaa cha kusogeza taya mbele badala ya mashine. Vifaa vya kawaida vya aina hiyo hushika kwenye meno imara ya kutosha, juu na chini, na wengi wetu hatuna.

Siku ya kurudi kupimwa, beba barakoa, mashine, daftari lako na chombo cha meno. Vua meno kabla mtaalamu hajakugusa, hata ukiona haya, kisha uombe kitanda ulale.